Nilichokikumbuka Juu ya Borobudur



Huenda ukastaajabu kumsikia mtu kama mimi, aliyemaliza umri wake juu ya jamvi la chuoni akisomesha watoto alifu na be, akikuhadithia habari za mahekalu ya Wabudha na ya Wahindu. Hukosei kustaajabu. Wenzangu msikitini wameniuliza, tena kwa sauti ya chini kama amwulizavyo mtu mwenziwe habari za maradhi ya aibu: "Sheikh, ni kweli ulikwenda kutazama masanamu?" Nimewajibu kuwa ni kweli. Nilikwenda kwa miguu yangu, nikalipa kiingilio, nikaongozwa na kijana wa Kiislamu hatua kwa hatua. Leo nataka nikueleze nilichokiona, na pamoja nacho nikueleze jambo jingine ambalo nimelificha tangu mwaka 1985.

Safari yenyewe haikuwa ya kutembea. Mwaka 2024 mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye anasoma chuo kikuu katika mji wa Yogyakarta, kisiwani Java, aliposa huko. Baba yake amekwisha kufariki, basi akaniomba nisimame mahali pa mzee wake. Nikenda.

Nakwambia, ndugu yangu, sikujiona mgeni. Wanaume wamevaa saruni kama vikoi vyetu, madhehebu yao ni ya Imamu Shafi kama yetu, na usiku wa Ijumaa walisoma Barzanji, nikaitikia pamoja nao pasi na kuangalia kitabu. Katika vyuo vyao wanasomesha Safina, ile ile tuliyosomeshwa sisi kwa bakora. Na mwenye kuitunga, Sheikh Salim bin Sumeyr wa Hadhramaut, alifia huko huko Java, katika mji wa Batavia ambao leo ni Jakarta. Masharifu na masheikh wa Hadhramaut walipanda majahazi, wengine wakaelekea Lamu na Unguja, wengine wakaelekea Java. Sisi na wale ni watoto wa chuo kimoja, ila bahari imetutenga.

Baada ya harusi kijana wangu akaniambia, "Sheikh, kesho twende Borobudur." Nikanyamaza. Jina lile nililijua, na sikulijua kwa wema. Lakini nikakumbuka kwamba Qur'ani imetuamrisha si mara moja tutembee katika ardhi na tutazame mwisho wa waliotangulia, nikasema, haya, twende.

Borobudur ni hekalu la Wabudha lililojengwa yapata karne ya nane na ya tisa, zama za wafalme wa ukoo wa Sailendra. Si nyumba unayoingia ndani. Ni kama kilima cha mawe kilichopangwa ngazi juu ya ngazi, sita za pembe nne na tatu za mviringo, na kileleni pana kuba moja kubwa. Kuta zake zimechongwa picha 2,672. Lilikaa karne nyingi limefunikwa na majivu ya volkano na miti, mpaka mwaka 1814 Raffles, Mwingereza aliyekuwa akitawala Java wakati ule, alipoletewa habari zake akatuma mtu kwenda kulifyekea.

Siku hizi huendi ukapanda ovyo. Wakati nilipokwenda mimi, walioruhusiwa kupanda juu kwa siku moja walikuwa 1,200 tu, kwa mafungu, na kila fungu lina kiongozi wake. Mlangoni unavuliwa viatu vyako ukapewa makubazi yaliyosukwa kwa majani ya mti ambao ni jamaa ya mkadi wetu. Wanayaita upanat. Sababu yake ni kwamba mamilioni ya watu wamepanda ngazi zile kwa viatu vigumu mpaka mawe yameingia mashimo. Nami niliposimama pale nikivuliwa viatu, nilicheka peke yangu, kwani nimeishi miaka zaidi ya sitini nikiwaambia watu wavue viatu mlangoni, na sijapata kuambiwa mimi nivue na mtoto wa umri wa mjukuu wangu.

Kiongozi wetu alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, amesoma pondok, ndivyo waitavyo vyuo vyao, na Kiarabu chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Aliniita "Pak Kiai," yaani baba mwalimu. Akatwambia kuwa desturi ni kuzunguka hekalu likiwa upande wa mkono wa kulia. Hapo nikasita. Sisi katika tawafu Al-Kaaba huwa upande wetu wa kushoto, na mtu akizunguka namna nyingine tawafu yake haisihi. Sasa huku ni kuzunguka kwa kinyume, mahali pa masanamu, nami ni mtu wa kuulizwa kesho mbele ya Mola wangu. Nikamwuliza kando kama inawezekana kuzunguka kwa upande mwingine. Kijana akatabasamu akasema, "Inawezekana, Pak Kiai, lakini picha hizi ni hadithi, na zimepangwa kwa kufuatana. Ukienda kinyume utamwona mtu akifa kabla ya kuzaliwa." Basi nikatia nia yangu kwamba mimi ni msomaji wa kitabu cha mawe, nikenda na wenzangu.

Na kitabu ni kitabu kweli. Ukutani humo mmechongwa kuzaliwa kwa Budha na maisha yake, lakini mna pia watu wa kawaida: wenye kuchota maji, wenye kupiga ngoma, wafanya biashara. Na mna vyombo vya bahari. Kimoja nilisimama mbele yake mpaka wenzangu wakaniacha, kwani kilikuwa na matengo ubavuni kama ngalawa zetu za pwani! Kijana akarudi kunichukua, akanieleza kuwa mwaka 2003 chombo mfano wa kile, kilichoitwa Samudra Raksa, kiliundwa na kusafirishwa kutoka Jakarta, kikapita Ushelisheli na Madagaska, kikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kikafika Ghana mwaka 2004. Sasa kimewekwa nyumba ya makumbusho pale pale chini ya hekalu. Nikasema subhanallah. Nimekulia ufukweni nikitazama ngalawa kila asubuhi, wala sikupata kujiuliza jamaa zake wako wapi.

Tulipofika juu, kwenye ngazi za mviringo, tulikuta makuba madogo 72 yenye umbo la kengele, yametobolewa matundu, na ndani ya kila moja pamewekwa sanamu la Budha. Upepo ulikuwa mzuri, na mlima Merapi ukaonekana kwa mbali. Hapo kijana akanyosha mkono akasema, kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza mengine yote: "Na haya tisa ndiyo yaliyopigwa mabomu."

Ndugu msomaji, hilo ndilo jambo langu.

Usiku wa kuamkia asubuhi ya tarehe 21 Januari 1985 watu walitega mabomu katika makuba yale, na tisa yakaharibika. Miaka miwili tu kabla yake, mwaka 1983, kazi kubwa ya kulitengeneza hekalu lile ilikuwa imemalizika, kazi ambayo UNESCO na serikali ya Indonesia waliifanya kwa miaka mingi, na mawe zaidi ya milioni moja yakaondolewa na kurudishwa. Waliohukumiwa kwa mabomu yale walikuwa Waislamu. Mmoja wao, mhubiri kipofu, alipewa kifungo cha maisha mwaka 1991. Yeye alikana siku zote, na mwaka 1999 akasamehewa akatoka.

Habari hii ilipotufikia pwani kwa redio, mimi nilikuwa kijana, nimekabidhiwa chuo karibuni na mwalimu wangu. Wiki ile nilikuwa nikisomesha kisa cha Nabii Ibrahim alayhis-salaam na masanamu ya watu wake. Nikawaambia wanafunzi, nakumbuka kila neno, kwamba huko Java wako vijana wamefuata nyayo za baba yenu Ibrahim. "Na ninyi," nikawauliza, "mwafanya nini?"

Watatu kati yao walinijibu baada ya siku tatu. Mtaa wa pili kutoka kwetu pana hekalu la Wahindu. Magharibi ilipoingia watoto wale wakalirushia mawe, wakavunja vioo, na jiwe moja likampata bawabu, likampofua jicho. Bawabu yule alikuwa Mwislamu. Alikuwa mzee mwenye wajukuu, akila riziki yake ya halali kwa kulinda mlango, na kila alipopata mtu wa kumshikia zamu alikuja kuswali nyuma yangu.

Watoto walipigwa na wazazi wao. Hakuna aliyewauliza maneno yale waliyapata wapi. Nami nilikwenda kumtazama mzee nyumbani kwake, nimechukua sukari na machungwa, nikaketi ukingoni mwa kitanda chake nikamwambia, "Pole mzee wangu. Watoto wa siku hizi hawana adabu."

Naye akaniombea dua.

Nimekwisha kukisoma kisa kile cha Nabii Ibrahim mara nyingi tangu hapo, nacho si kile nilichowasomesha. Ibrahim alibishana kwanza na baba yake na watu wake, katika mji wake. Na alipovunja hakukimbilia gizani, alikaa pale pale, akaulizwa akajibu, na moto ukawa wake mwenyewe, hakumtia mtu mwingine. Mtume wetu (S.A.W.) aliyatoa masanamu katika Al-Kaaba kwa sababu nyumba ile tangu msingi wake ilijengwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini masahaba walipoifungua Misri zama za Sayyidna Umar waliyakuta masanamu ya Mafirauni, makubwa kuliko nyumba, wakajenga mji wao wa Fustat wakayaacha, na mpaka leo yapo. Na Suratul An'am, aya ya 108, yatukataza hata kuwatukana wale wanaoombwa kinyume cha Mwenyezi Mungu, ili wenye kuwaomba wasije wakamtukana Mola kwa ujinga. Ikiwa tusi limekatazwa, je, jiwe? Yote haya nilikuwa nimeyasoma kabla ya mwaka 1985. Vitabu vilikuwa rafuni kwangu.

Nikamweleza kijana yule, kwa Kiarabu, ili wenzetu wasifahamu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba babu yake, mtu wa kijiji kilicho karibu, alikuwa mmoja wa mamia ya wafanyakazi waliobeba na kusafisha mawe katika kazi ile, na wengi wao walikuwa Waislamu. Usiku ule wa mabomu babu yake aliusikia mshindo kitandani. Asubuhi akenda mpaka uani akakaa chini akalia. Bibi alimgombeza: mtu mzima, mwenye swala zake, unalilia sanamu? Akajibu kuwa halii sanamu, analia jiwe, kwani lile alilibeba kwa mgongo wake.

Siku ya pili tulipelekwa Prambanan, mahekalu ya Wahindu upande wa pili wa mji, marefu na membamba, lile kubwa lina mita 47. Tetemeko la ardhi la mwaka 2006 liliyaharibu, wakayatengeneza tena. Mchezo wa Ramayana huchezwa hapo tangu mwaka 1961, na wachezaji wengi ni Waislamu, jambo ambalo sitalitolea fatwa hapa. Mawazo yangu hayakuwapo. Nililolishika siku ile ni neno la kiongozi juu ya Sunan Kudus, mmoja wa mawalii tisa walioeneza dini katika Java, ambaye yasimuliwa kuwa aliwakataza Waislamu wa mji wake wasichinje ng'ombe, ili wasiwaudhi jirani zao Wahindu; na hadi leo watu wa Kudus huchinja nyati. Mnara wa msikiti wake ni wa matofali mekundu, umejengwa mfano wa hekalu. Watu wale wakaingia katika Uislamu. Nani aliwarushia mawe?

Niliporudi nyumbani niliweka sanduku chini nikaenda kumtafuta mtoto wa yule bawabu, maana mzee mwenyewe alikwisha kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mtoto naye sasa ni mzee, ana duka la baiskeli. Nikamwambia yote, mbele ya wanafunzi wake wa kazi, nikamwomba msamaha kwa jicho la baba yake. Alikuwa akipanga spoku katika gurudumu, hakuinua uso kwa kitambo. Akasema, "Kwa upande wetu nimekusamehe, sheikh. Baba hakuwa na kinyongo na mtu. Lakini vioo havikuwa vyetu." Akaelekeza kidole mtaa wa pili.

Kesho yake baada ya alfajiri nilivaa kanzu yangu, nikashika mkongojo, nikaondoka kwa miguu. Nimepita mbele ya lango lile miaka arubaini, daima kwa ng'ambo ya pili ya barabara. Bawabu wa sasa ni kijana. Nimemsomesha Juzuu Amma. Aliponiona nimesimama mbele yake alivua kofia, akatazama huku na huku, akaniuliza kwa adabu, "Sheikh, umepotea njia?"

Nikamwambia sikupotea, anifungulie.