Jivu na Magadi

Katika Kibwezi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, maharagwe hayakuiva upesi. Maji ya kisima chetu yalikuwa makali. Sabuni ilikataa kutoa povu, birika liliota ukoko mweupe ndani, na isyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja, ingeweza kutokota tangu adhuhuri hadi machweo na bado ukaitafuna kwa shida. Dawa ilikuwa magadi. Mama aliweka bonge lake kwenye kopo kuukuu la mafuta ya kupikia, akawa anamega kidogo kwa ncha ya kisu na kutia sufuriani, na mara moja povu lilipanda.

Jirani yetu, mama Mluhya ambaye mumewe alifanya kazi katika shamba la mkonge la Dwa, hakununua magadi kamwe. Alichoma maganda makavu ya maharagwe, jivu lake akalitia kwenye kopo lililotobolewa matundu chini, kisha akamimina maji juu taratibu. Yale maji ya kahawia yaliyochuruzika, kwao huitwa musherekha, ndiyo aliyopikia kunde na mrenda. Mama hakuona ajabu.

“Kazi ni ile ile,” alisema. “Mimi nanunua dukani, yeye anachota jikoni.”

Shuleni hakuna aliyetuambia kwamba jambo hilo linahusu kemia. Tulikuwa kidato cha pili, mada ni muundo wa atomi na jedwali la elementi, na tulitakiwa kukariri elementi 20 za kwanza, kuanzia hidrojeni hadi kalsiamu. Tulizikariri njiani asubuhi, kwa sauti, na aliyezitamka zote bila kuvuta pumzi alihesabiwa bingwa. Maana yake hatukuijua wala hatukuiuliza. Chati ya ukutani iliishia nambari 103, rangi zimepauka, na panya walikuwa wametafuna ukingo wake wote wa kulia, kwa hiyo gesi adimu, kuanzia heliamu kwenda chini, kwetu hazikuwepo. Baadaye nilikuja kusoma kwamba jedwali la mwanakemia Mendeleev la mwaka 1869 nalo halikuwa na safu hiyo, kwa kuwa arigoni iligunduliwa 1894. Panya wetu walikuwa wameturudisha karne ya 19.

Muhula wa pili alikuja mwalimu mpya, kijana, na chupa mbili ndogo zilizojaa mafuta. Alitoa kipande cha sodiamu, akakikata kwa kisu cha kawaida. Uso uliokatwa uling'aa kama fedha kwa muda mfupi tu, kisha ukafifia tukitazama. Kipande kisichozidi punje ya mchele alikidondosha kwenye karai la maji. Kilijikunja kikawa tone, kikakimbia juu ya maji huku kikichemka, kikaisha. Karatasi nyekundu ya litmasi iligeuka buluu. Kisha akaja na potasiamu, na hiyo haikungoja: iligusa maji ikawaka moto yenyewe, mwali wa zambarau, na dawati la mbele lote likarudi nyuma.

Aliyofanya baada ya hapo ndiyo yaliyonifungua macho. Alituagiza tuwaulize mama zetu wanatia nini katika isyo, na tulete. Nilileta magadi, na mtoto wa jirani akaleta chupa ya musherekha. Litmasi ilikuwa buluu kwa vyote viwili. Akachovya waya kwenye magadi akautia motoni, mwali ukawa wa manjano kali. Alipochovya kwenye maji ya jivu, manjano ilitokea tena, tukadhani ni kitu kile kile. Akatupatia kipande cha kioo cha buluu kinachozuia ile manjano, tuchungulie, na nyuma yake zambarau ikaonekana, hafifu lakini ipo.

“Magadi ni sodiamu, jivu ni potasiamu,” alisema, akaandika ubaoni 2.8.1 na chini yake 2.8.8.1. “Kila moja ina elektroni moja nje. Ndiyo maana zimewekwa safuwima moja, na ndiyo maana zinafanya kazi moja jikoni.”

Na ule ukoko wa birika? Kalsiamu na magnesiamu, safuwima ya pili. Ndizo zilizoyafanya maharagwe yetu yawe sugu, na magadi yalikuwa yanaziondoa majini huku yakilainisha ganda. (Magadi pia huharibu vitamini B1, jambo ambalo sikuthubutu kumwambia mama.)

Mwenzetu mmoja, hodari wa hesabu, akainua mkono. “Mwalimu, kitabu kinasema arigoni uzito wake ni 40 na potasiamu 39. Mbona nyepesi imekuja nyuma ya nzito?”

“Basi zibadilishe. Weka arigoni chini ya sodiamu, halafu mwambie mamako aipikie maharagwe.”

Tulicheka, lakini jibu lilikuwa sahihi kabisa. Mendeleev alizipanga elementi 63 zilizojulikana wakati wake bila kujua elektroni ni nini. Mwanafizikia Thomson aliigundua 1897. Mendeleev alifuata uzito, na uzito ulipogombana na tabia alichagua tabia. Teluriamu ni nzito kuliko iodini, naye akaitanguliza, kwa kuwa iodini ni ndugu ya klorini. Palipokosekana wa kukaa aliacha nafasi wazi. Galiamu ikapatikana 1875, skandiamu 1879, jemaniamu 1886, kila moja ikaingia mahali pake. Sababu yenyewe ilitolewa na Mwingereza Henry Moseley mwaka 1913: kinachopanga jedwali ni idadi ya protoni, si uzito. Aliuawa vitani Gallipoli Agosti 1915, akiwa na miaka 27.

Mwaka huo huo wa 1915 reli ya tawi la kwenda Ziwa Magadi, yanakotoka magadi, ilikamilika. Treni ya magadi ilitoka ziwani, ikaingia reli kuu pale Konza, kisha ikateremka Mombasa kupitia Makindu, Kibwezi na Mtito Andei. Hata enzi zetu ilitupita usiku, mabehewa kwa mabehewa ya sodiamu, na sisi tumelala na daftari zenye “Na, 11” mara mia.

Leo jedwali lina elementi 118, na majina manne ya mwisho yaliidhinishwa 2016. Safumlalo ya saba imejaa, hakuna tundu, na mtoto wa Kibwezi analiona lote kwenye simu. Likiwa limejaa hivyo, ni rahisi kudhani lilishuka hivyo hivyo. Kwa hiyo nakuomba wewe unayefundisha kemia: kabla ya yale majina 20, mtume mwanafunzi nyumbani akalete jivu na magadi.