Sidii Iliyobaki Kabatini

Kompyuta ya kwanza kuingia nyumbani kwetu Morogoro ilikuwa ya mtumba. Skrini yake ya chogo ilikula nusu ya meza ya chakula, na sipiyu niliifunika kitambaa cha kudarizi kila jioni, kama tulivyofunika redio ya baba enzi zile. Ilikuwa mwaka 2003. Ndani yake mlikuwa na Windows XP, pamoja na programu ndogo ya kuandikia ambayo mafaili yake yaliishia na herufi tatu: wps. Herufi zile hazikuniambia kitu. Niliona ukishaandika na kuhifadhi, umehifadhi.

Mimi niliitumia kompyuta kutafuta riziki: barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule za jirani, kadi za michango ya harusi. Kaka yangu aliitumia kwa jambo jingine. Alikuwa mwalimu wa sekondari, na kila Jumamosi alikuja, akamketisha mama karibu na dirisha, akamwomba asimulie ngano. Mama alisimulia kwa Kiluguru, kisha akikumbuka kuwa wajukuu hawatakielewa, alihamia Kiswahili katikati ya safari. Kaka alichapa kwa vidole viwili. Mimi nilikuwa jikoni, nasikia kibodi ikigongwa na mama akimsubiri mwanawe. "Umefika wapi, baba?" alikuwa akiuliza, kisha anarudia sentensi polepole. Ngano 31 ziliandikwa hivyo, kwa miaka miwili.

Mwaka 2008 kaka alikuja na bahasha. Ilikuwa imefika kwenye sanduku la posta la shule yake kutoka ng'ambo, wala hakuwa amelipa hata nauli ya mzigo. Ndani mlikuwa na sidii ya Ubuntu. Wakati ule kampuni ya Canonical, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth, raia wa kwanza wa Afrika Kusini kufika anga za juu, ilikuwa ikimtumia sidii bure kila aliyeomba. Kaka alilipenda jina lenyewe. Ni neno la Kizulu na Kixhosa, akasema, na sisi Waswahili tunalo: utu. Alipenda pia kwamba mwishoni mwa mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wametoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kwake lilikuwa jambo kubwa mno kwamba mtoto wa kijijini angeweza kufungua kompyuta ikamsemesha kwa lugha yake.

Alitia sidii, akawasha upya. Alinieleza kuwa haigusi chochote kwenye diski. Tunaonja tu, tukiitoa mashine inabaki kama ilivyokuwa. Rangi ya udongo ikajaa kwenye skrini. Kila kitu kilikwenda taratibu kwa sababu kilisomwa kutoka kwenye sidii, lakini kilikwenda. Kaka alikuwa na uso wa mtu anayemtambulisha mchumba.

Nikamwambia achape karatasi moja. Printa haikujibu. Akaijaribu kwa nusu saa, akainama chini ya meza kukagua waya, akainuka na vumbi magotini. Haikujibu.

"Kaka," nikasema, "wateja wangu hawawezi kunisubiri nijifunze."

"Nimekuelewa, mdogo wangu."

Hakubishana. Aliirudisha sidii kwenye bahasha na kuiweka kwenye kabati la vyombo, karibu na vikombe vya wageni. Na sababu zangu zilikuwa za kweli. Mitihani ililetwa kwa Word na ilitakiwa irudi kwa Word, mistari ikiwa pale pale. Kila fundi mjini alijua kupiga Windows. Wa Linux nilimjua mmoja tu, naye alikuwa kaka.

Miaka iliyofuata niliilipia starehe ile ya kubaki na Windows. Flashi za wateja zilileta virusi vilivyoficha mafaili yote na kuacha vialama tupu vya njia za mkato. Ukifungua, unavisambaza zaidi. Mara mbili nilipoteza kazi ya wiki nzima. Mara mbili fundi alifomati na kupiga Windows upya, na mara zote mbili kaka alikuwa ameshaninakilia ngano za mama kwenye sidii. Alikuwa mtu wa kunakili.

Mwaka 2010 mashine ile ya chogo ilikufa, nikanunua nyingine. Ile programu ndogo haikuwamo. Nilipoweka sidii ya ngano, majina ya mafaili yalionekana yote 31, lakini Word iligoma kuyafungua, au iliyafungua yakaja kama mchwa waliomwagika. Niliyapeleka kwa mafundi wawili. Wote waliniambia yameharibika, nami nikaamini, nikamwambia mama hivyo hivyo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi, mwanangu." Baadaye aliuliza tena, na tena. Wazee huuliza kitu wakidhani labda safari hii jibu limebadilika.

Hayakuwa yameharibika. Januari 2011 ilitoka LibreOffice, programu ya bure iliyozaliwa kutoka OpenOffice, na tangu toleo lake la kwanza ilijua kusoma mafaili ya wps. Kaka alinipigia simu mwaka ule ule: "Nitumie ile sidii, niijaribu upande wangu." Alikuwa amehamishiwa Songea. Nikasema nitaituma na basi. Msimu wa mitihani ukaingia, kisha wa harusi. Laiti ningeijua thamani ya simu ile. Kaka alifariki mwaka 2016, na mama akamfuata mwaka 2019.

Mwaka jana laptopu yangu ilianza kunitolea ilani. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, ilikuwa inafikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Baada ya hapo hakuna viraka vya usalama, isipokuwa mwaka mmoja wa nyongeza kwa wanaojiandikisha. Windows 11 inadai kichakata cha karibuni zaidi na kijisanduku cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Cha kwangu ni Intel ya kizazi cha sita, hakitakiwi. Mashine nzima, kibodi ikiwa bado ngumu na skrini haina doa.

Niliwaza sana. Binti wa jirani ana MacBook ya vile vichakata ambavyo Apple ilianza kuvitumia mwishoni mwa 2020. Inakaa na chaji kutwa, haina feni ya kupiga kelele. Nzuri kweli. Lakini RAM yake imeunganishwa moja kwa moja humo ndani. Huwezi kumpelekea fundi aongeze, na mimi nimeishi maisha yangu yote kwa kuongeza. Nilijikuta nikiuliza swali ambalo sikuliuliza mwaka 2008, wala sisikii wanunuzi wakiliuliza leo wanapopima bei na kasi: nilichoandika humu, nani atakifungua nikishaondoka?

Mtoto wa kaka alikuja likizo. "Shangazi," akasema, "nikuonyeshe kitu, haitagusa diski yako." Akachomeka flashi, akawasha upya. Ilinibidi nikae chini. Ni Ubuntu ile ile, toleo la sasa, na mkono uleule mwembamba juu ya meza ileile. Nikamwambia achape karatasi moja. Printa ikaguna, ikatoa.

Nikaenda kwenye kabati la vyombo, nikaitoa sidii ya ngano. Laptopu haina mlango wa sidii, tukaazima kisomeo kwa steshenari ya jirani. Akabofya faili la kwanza, LibreOffice ikajiwasha, na maneno ya mama yakafunguka, ukurasa mzima, kana kwamba yamekuwa yakingoja nje ya mlango.

Tulichapa zote usiku ule. Mtoto hajui Kiluguru, kwa hiyo nilimsomea na kumfasiria. Katika ngano ya 18 baba yake ameandika kwenye mabano: mama anacheka. Akaniuliza bibi alichekaje, nikajitahidi kumwonyesha.

Ya 31 inakatika katikati ya sentensi. Naikumbuka siku yenyewe: umeme ulikatika, na mama akasema wataimalizia Jumamosi nyingine. Mtoto aligeuza karatasi kutazama nyuma yake, akaniuliza inaishaje. Siijui. Nilikuwa jikoni.