Saa Nane ya Nani?

Neno "saa" twalitumia kila siku bila kufikiri. Hapa Katanga twasema "saa ingine", maana yake pengine. "Saa yote", maana yake daima. Na chombo tunachovaa mkononi nacho ni saa. Neno lilitoka kwa Waarabu, likatufikia pamoja na Kiswahili. Sikudhani laweza kumnyima mtu maziko ya mama yake.

Mama mkwe wangu alipofariki hapa Lukafu, nilimpigia simu shemeji yangu akaaye Kigoma. Akavuka ziwa mpaka Kalemie, akaja kwa taabu nyingi za njia. Jioni moja, akiwa amebakiza mwendo mfupi tu, akaniuliza: "Misa ya maziko ni saa ngapi?" Nikajibu: "Kesho saa nane." Basi akalala huko huko. Kesho yake alifika jua likiwa utosini, akidhani amewahi, akakuta kaburi limekwisha kufunikwa. Hakugombana. Alisema tu: "Shemeji, mbona hamkuningoja?"

Kosa lilikuwa langu. Sisi wa Kongo twahesabu kwa desturi ya Wazungu, kuanzia katikati ya usiku. Saa nane niliyoitaja ni ya asubuhi. Watu wa Tanzania na Kenya huanza kuhesabu jua likichomoza. Saa nane yao ya mchana ni baada ya adhuhuri. Tena saa ya Kigoma imetangulia ya kwetu kwa saa moja, kama yetu inavyoitangulia ile ya Kinshasa. Kwa hiyo Misa yetu ilipoanza, watu wa Kigoma walisema ni saa tatu asubuhi.

Kisha nikaikumbuka Injili. Katika Mathayo 20 mwenye shamba aliwaajiri watu alfajiri, tena saa ya tatu, ya sita, ya tisa, na ya kumi na moja. Nilipokuwa mtoto wa katekisimu niliwaza sana: aliyeanza saa kumi na moja, kabla hata ya adhuhuri, alifanyaje kazi ya saa moja tu? Niliona haya kumwuliza katekista. Kumbe Wayahudi nao walihesabu toka mapambazuko, na saa ile ilikuwa jioni, jua karibu kutua! Shemeji yangu angaliyaelewa hayo tangu utoto.

Ilipokaribia Misa ya arobaini, alinipigia simu. Nikaanza kumwambia, "Misa ni saa..." Akanikatiza: "Hapana, shemeji. Niambie jua litakuwa wapi."