Nilisema "Chapa" Huku Nikijua

Nilituma faili bovu. Mchapaji akaniuliza kama ndilo la mwisho, nikamjibu ndiyo. Hilo ndilo kosa langu. Mtandao ulikuwa mzito siku zile, lakini aliyesema uongo ni mimi.

Kazi ilikuwa kalenda ya ukutani ya ushirika wa wakulima wa kahawa wilayani Mbinga: jalada na kurasa 12, kila ukurasa saizi ya A3, wenye picha kubwa ya wakulima wenyewe. Mimi nafanyia kazi Songea, na kiwanda cha uchapaji kiko Dar es Salaam. Nilimwahidi mwenyekiti kwamba faili lingefika kiwandani Jumatatu jioni, na Jumatano asubuhi mashine zingeanza. Niliahidi bila kupiga hesabu.

Na hesabu yenyewe si ngumu. Picha ya A3 inayochapwa kwa nukta 300 kwa inchi ina nukta 3508 kwa upana na 4961 kwa urefu. Kwa rangi nne za uchapaji, ukurasa mmoja usiofinywa unafika karibu megabaiti 70, na kurasa 13 zinakaribia megabaiti 900. Kampuni za simu hutaja kasi kwa megabiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, mtandao usipokatika hata mara moja, mzigo ule ungechukua saa nzima. Kasi ikishuka hadi nusu megabiti, saa nne. Tena kasi tunayoisifia huwa ni ya kupakua. Ya kupakia mara nyingi ni ndogo zaidi, na yangu sikuwahi kuipima. Kwa kuwa video zilikuwa zikicheza bila kukwama, niliamini faili nalo litapita tu.

Halikupita. Tovuti niliyoitumia ililichukua faili zima kwa safari moja, hivyo kila mawasiliano yalipokatika ilibidi kuanza upya. Nilikaa nikiutazama mstari wa kupakia ukijaa taratibu hadi asilimia tisini na kitu, kisha unarudi sifuri, na bando limekwisha. Nanunua jingine, naanza tena. Hadi Jumanne jioni nilikuwa bado na nafasi ya kumpigia mwenyekiti na kumwambia tutachelewa kidogo. Sikupiga. Nilikuwa nimejinadi kwamba kazi ya kiwango cha Dar inaweza kufanyika Songea, na niliogopa wasije wakasema fundi wa mkoani hawezi.

Usiku ule nikazituma kurasa kwa WhatsApp, kama picha. Zilipita ndani ya dakika chache, na nilijua sababu. WhatsApp huipunguza picha kabla ya kuituma, na zangu zilibaki na nukta 1600 hivi kwa upande mrefu. Kwenye karatasi ya A3 hizo ni kama nukta 97 kwa inchi, chini ya theluthi ya zinazotakiwa. Nilizifungua kwenye simu zikaonekana safi, kwa sababu kioo cha simu ni kidogo, nami nikajiliwaza kwa hilo. Asubuhi mchapaji akapiga. "Kaka, hizi ndizo za mwisho? Mbona naziona nyepesi?" Nikamwambia, "Ndizo. Chapa."

Maboksi yalipopita Songea yakielekea Mbinga, nilichukua kalenda moja. Jalada lilinipa moyo kidogo, maana maandishi yake ni makubwa. Nikafunua hadi Agosti. Picha ilikuwa ya mama mmoja akigeuza kahawa kwenye kichanja. Kwenye faili langu mistari ya vidole vyake ilionekana yote. Kwenye karatasi vidole vilikuwa vimeshikana, na macho yalikuwa mabaka mawili ya kijivu. Chini yake, kwa maandishi madogo mekundu, palipaswa kusomeka "8 Agosti, Nane Nane". Kingo za herufi zilikuwa zimesambaa, na ile 8 mtu angeweza kuisoma 6 au 3. Sikukuu ya wakulima ilikuwa haisomeki kwenye kalenda ya wakulima. Nilikuwa nimeshughulika na megabaiti muda wote ule nikawasahau watu waliomo kwenye picha, ambao walivaa vizuri siku ya kupigwa picha wakijua wataonekana ukutani mwaka mzima.

Kabla sijapata ujasiri wa kumpigia mwenyekiti, akapiga yeye. "Mwanangu, hawa watu wetu mbona hawatambulikani?" Nikamwamkia, nikamweleza yote, pamoja na lile swali la mchapaji na jibu langu. Uchapaji wa pili niliulipa mwenyewe. Kalenda zilifika Januari ikiwa imefika katikati. Mwaka uliofuata ushirika ulimpa kazi mtu mwingine, na ulikuwa na haki.

Njia zilikuwepo. Ningezifinya picha kwa JPEG ya ubora wa juu ndani ya PDF ya uchapaji, uzito ungepungua sana na jicho lisione tofauti. Ningetumia huduma inayogawa faili vipande na kuendelea pale ilipokatikia. Hata WhatsApp ingefaa, maana faili likitumwa kama hati halipunguzwi. Au ningeiweka kazi kwenye flashi, ikapanda basi la Jumanne alfajiri, usiku ikawa Dar. Mwaka 2009 huko Afrika Kusini, njiwa aitwaye Winston alibeba kadi yenye gigabaiti 4 kutoka Howick hadi Durban, umbali wa kilomita 80 hivi, na hadi data ilipokwisha kunakiliwa kwenye kompyuta, mtandao ulikuwa umevusha asilimia 4 tu ya data hiyo hiyo. Njia ya barabara haina aibu.

Wala usidhani haya ni ya mikoani peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipata hitilafu baharini, na watu wenye faiba Dar es Salaam wakahangaika pamoja nasi. Siku kama hiyo inaweza kukukuta wewe, ukiwa na mteja anayesubiri na faili lisilokwenda, na hapo utaona jinsi ilivyo rahisi kutuma kitu pungufu ukanyamaza.

Siku hizi napima kasi ya kupakia kabla ya kutaja tarehe, na mzigo ukikwama napiga simu siku hiyo hiyo. Wengi huitikia, "Sawa, tusubiri." Mwenyekiti wa Mbinga naye angeitikia hivyo. Mimi sikumpa nafasi.