Amana Kinywani

Uaminifu wa kiumbe hujulikana pale anapochukua kinywani mwake mali ya mwingine, naye ana njaa, akaifikisha kwa mwenyewe ikiwa nzima. Kwa kipimo hiki ni wanyama wachache wanaostahili sifa kuliko mbwa waliokuzwa kwa kazi ya kuleta mawindo kutoka majini. Bata apigwapo risasi huanguka ziwani au mtoni, mahali ambapo mguu wa mwindaji haufiki. Mbwa hujitosa, huogelea, humshika ndege kwa meno yawezayo kuvunja mfupa, na humrudisha bila kumtoboa ngozi.

Asili ya wengi wao ni Newfoundland, kisiwa cha baridi kilicho mashariki ya Kanada. Huko wavuvi walikuwa na mbwa mweusi mwenye manyoya mafupi mazito yasiyopenyeka maji kwa urahisi, na alama nyeupe kifuani na miguuni: mbwa wa maji wa St. John's. Alivuta mishipi, akafuata samaki waliochopoka katika ndoana, akawaleta. Kwa maskini mwenye mashua, mbwa huyo alikuwa mkono wa tatu.

Katika karne ya 19 vyombo vya biashara ya samaki vilimchukua mpaka bandari ya Poole, kusini ya Uingereza. Malodi wa ukoo wa Malmesbury, walioishi jirani, wakamtaka kwa uwindaji wa bata. Katika miaka ya 1880 waliupa ukoo wa Buccleuch wa Skotilandi baadhi ya mbwa wao. Wawili kati ya hao, Ned na Avon, huhesabiwa miongoni mwa mababu wa Labrador, ambaye mwaka 1903 chama cha Kennel Club kilimtambua kuwa ni aina kamili.

Lakini heshima ya mtoto haikumwokoa mzazi. Tangu mwaka 1780 gavana wa Newfoundland alikuwa amekataza nyumba moja kufuga zaidi ya mbwa mmoja. Mwaka 1885 ikaja sheria ya kulinda kondoo, iliyoziruhusu wilaya kupiga mbwa marufuku. Uingereza nayo, kwa hofu ya kichaa cha mbwa, ikaweka karantini ndefu, na biashara ya mbwa hao ikakatika. Katika miaka ya 1980, kijijini Grand Bruit, walibaki wawili waliojulikana, wazee, wote madume. Walipokufa, aina yao ilikoma.

Shukrani ya punda, wasema wahenga, ni mateke. Lakini punda hana akili ya kutunga sheria. Kondoo walistahili kulindwa, hapana shaka. Ila waliopima faida ya kondoo hawakupima hasara ya mbwa, na mizani ya upande mmoja haijui haki. Mbwa yule alirudisha kila alichotumwa kukileta. Binadamu aliyemfunza uaminifu huo alikuwa na amana moja tu, mbwa mwenyewe, na hiyo hawezi tena kuirudisha.