Gari Linalozima Likisimama

Kwa miezi minne mwaka jana niliendesha gari kwa miguu miwili. Mguu wa kushoto ulikanyaga breki, na wa kulia haukubanduka kwenye mafuta. Gari langu, la otomatiki na la umri mkubwa, lilikuwa na ugonjwa mmoja tu: lilizima kila liliposimama. Likiwa mwendoni halikuwa na dosari, na kilima cha Mlimani lilikipanda bila manung'uniko. Lakini nikifika kwenye taa za Mwenge na kuachia mafuta, lilitetemeka mara mbili, likanyamaza.

Nililipeleka gereji. Fundi wa kwanza hakuniuliza neno, alibadilisha plagi. Wa pili alibadilisha pampu ya mafuta. Shilingi 310,000 zilikwenda, na gari likaendelea kuzima. Nami nikajizoesha kulikanyagia mafuta katika kila foleni, hata nikasahau kwamba lilikuwa gonjwa.

Jioni moja ya mvua nilikuwa nikiteremka kuelekea nyumbani. Nilipokaribia kivuko cha watembea kwa miguu niliachia mafuta mapema kuliko kawaida, injini ikazima. Breki za magari haya husaidiwa na mvuto wa hewa unaotokana na injini. Injini ikizima, msaada huo hubaki wa kukanyaga mara moja au mbili tu, nami nilikwisha kuutumia. Pedali ikawa ngumu kama jiwe. Niliisimamia kwa miguu yote miwili, na gari likakoma hatua chache kutoka kwa binti aliyekuwa akivuka na begi la shule mgongoni. Alipita bila hata kugeuka.

Kesho yake nilimwendea mzee mmoja anayetengeneza magari chini ya mwarobaini. Nilimwamkia, nikaanza kumweleza vipuri nilivyonunua. Alinikatiza kwa upole.

"Mwalimu, sijauliza umenunua nini. Linazima lini? Likiwa la baridi au likishapata moto? Ukiwasha kiyoyozi linazidi?"

Nilimjibu. Akafungua bomba la hewa, akaniita nitazame. Ndani palikuwa na kibati cha duara kinachofunguka dereva akanyagapo mafuta, na kufunga anapoachia. Kikifunga, injini hubaki ikivuta pumzi kupitia upenyo mdogo tu, na hewa hiyo kidogo ndiyo inayoshikilia ule muungurumo wa chini ambao mafundi wetu huuita sailensa. Upenyo wa gari langu ulikuwa umezibwa na masizi ya miaka mingi.

"Ukikanyaga mafuta," alisema, "unafungua mlango mkubwa, kwa hiyo huoni kwamba dirisha limeziba. Injini huwezi kuijua kwa kuikimbiza. Iachie, uisikilize."

Alisafisha kwa dawa na kitambaa. Alipowasha, injini ilinguruma juu kupita kiasi, nikashtuka. Akacheka. Kompyuta ya gari, alisema, ilikwisha kuzoea uchafu na kuufidia. Sasa ilipaswa kujifunza upya. Tulikaa tukisubiri hadi muungurumo ukashuka na kutulia.

Katika kusubiri huko nilikumbuka ofisi yangu.

Wakati huo nilikuwa mkuu wa idara. Nilikuwa nimeagiza kwamba barua yoyote ya matokeo isitoke bila saini yangu, nikiamini kwamba huko ndiko kulinda viwango. Nilipokuwepo kazi zilikwenda, na wakubwa wangu walinisifu. Kisha nikasafiri majuma mawili. Mwanafunzi mmoja alihitaji barua ya kuthibitisha matokeo yake ili aombe ufadhili wa masomo. Jalada lilikuwa tayari na msaidizi wangu alikuwepo, lakini hakuna aliyethubutu kuitia saini, kwa kuwa niliwahi kumkaripia mwenzao kwa kosa kama hilo. Siku ya mwisho ya maombi ikapita. Niliporudi, binti yule alinisimamia ukumbini akaniambia maneno machache tu: "Nilikuja mara nne, mwalimu."

Nilifanya nini? Nilimwandikia karani barua ya onyo, kisha nikapendekeza ahamishwe. Akahamishwa. Nilibadilisha plagi.

Desturi hii si yangu peke yangu. Tunamshangilia kiongozi anayeingia ofisini kwa ziara ya kushtukiza, akafoka mbele ya kamera, na foleni ya wananchi ikaisha saa ileile. Hatuulizi foleni inakuwaje Jumatatu inayofuata, msafara ukishaondoka. Anapoahidi kuwaondoa wazembe tunampigia makofi, na ni nadra kuuliza upenyo gani umezibwa hata mtumishi wa kawaida ashindwe kufanya kazi yake ya kawaida pasipo mtu kumkanyagia mafuta.

Niliandika kufuta lile onyo, nikakiri kwa karani na kwa mkuu wake kwamba kosa lilikuwa langu. Barua za matokeo nikazikabidhi kwa msaidizi wangu na katibu wa mitihani, nikawapa utaratibu ulioandikwa, na ahadi iliyoandikwa pia kwamba atakayeufuata hatakaripiwa. Majuma ya mwanzo yalikuwa na vurugu: barua mbili zilitoka na makosa, na mara kadhaa mkono ulinisisimka kurudisha amri ya zamani. Nilijizuia. Sasa nikisafiri, barua zinatoka.

Ufadhili wa yule binti haukurudi. Nilimwomba radhi, aliipokea kwa adabu, na sikuweza kumdai zaidi ya hapo.

Ndugu msomaji uliyekabidhiwa dawati, idara au wizara, nakuomba jambo moja. Usipime ofisi yako siku unayoisimamia. Ondoka kwa juma moja, zima simu, kisha urudi umuulize aliyekuja kuhudumiwa wakati haupo.