Umri wa Babu

Katika Hisabati ya Kidato cha Tano na cha Sita ipo mada ambayo wanafunzi huidharau mwanzoni na kuiogopa mwishoni. Mada hiyo ni takwimu. Hudharauliwa kwa sababu huanza kwa kujumlisha na kugawanya, kazi ambazo hata mtoto wa darasa la nne huziweza. Huogopwa kwa sababu, baada ya kurasa chache, mwanafunzi hujikuta mbele ya jedwali la safu sita, na jibu mkononi ambalo hajui kama ni la kweli au la uongo. Binti mmoja wa Dutumi, katika Wilaya ya Kibaha, aliipita njia hiyo yote, na aliyemshika mkono mahali penye utelezi alikuwa babu yake, mzee ambaye hakupata kuketi darasani hata siku moja.

Binti huyo alikuwa akisoma Uchumi, Jiografia na Hisabati katika shule ya bweni. Ada ya vidato hivyo ilifutwa mwaka 2022, lakini nauli, godoro, madaftari na kikokotoo havikufutwa. Baba yake aliuza ufuta wa msimu mzima ili kuvipata. Kwa hiyo kila alama aliyoikosa binti ilikuwa na uzito wa ufuta ndani yake.

Mwezi wa Agosti mwaka huo alikuwa nyumbani kwa likizo, na sensa ilimkuta huko. Watu wote nchini walihesabiwa kwa mahali walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23. Karani alifika na kishikwambi mkononi na kitambulisho shingoni, akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kigoda chini ya mwembe. Majina yalikwenda vyema, na kazi na elimu pia. Mambo yalikwama katika umri.

"Mzee, ulizaliwa mwaka gani?"

"Mwaka huo hapakuwa na mtu wa kuuandika, mwanangu," Babu alijibu.

Karani hakukasirika, kwani jibu hilo alilisikia katika nyumba nyingi. Alimwuliza Babu alikuwa mkubwa kiasi gani bendera ya Uhuru ilipopandishwa, Desemba 1961. Babu alisema alikuwa amekwisha tolewa jandoni, lakini ndevu bado. Karani akakisia miaka 14, akatoa, akajumlisha, akapata 75. Kidole chake kilikuwa karibu kukigusa kioo Bibi alipodakia kutoka jikoni. Mama mkwe wake, alisema, alimhadithia kuwa askari wa huku walipokuwa vitani Burma, mtoto huyu alikuwa akikimbia uani na kufukuza kuku. Vita hivyo vya Burma askari wa Afrika Mashariki walivipigana mwaka 1944. Kwa ushahidi huo Babu alikuwa na miaka kama 82.

"Na habari ya ndevu uiache," Bibi aliongeza. "Huyu hajaota ndevu mpaka leo."

Babu alicheka kuliko wote. Ikaandikwa 75, kwa kuwa mwenye umri ndiye msemaji. Binti peke yake hakucheka. Aliona haya, akadhani kuwa nyumba yao imetia doa katika hesabu ya taifa.

Haya hiyo haikuwa na msingi, nayo ilitokana na kutolijua vizuri neno lenyewe. Katika kamusi za zamani takwimu ni kalenda, yaani mpango wa siku na miaka. Maana ya leo ilikuja baadaye. Karani aliyemtaka mzee ajipime kwa bendera, na bibi aliyempima kwa vita, walikuwa wakifanya takwimu kwa maana zote mbili. Wala Babu hakuwa peke yake. Wataalamu wa hesabu za watu wanajua kwamba mahali ambapo vyeti vya kuzaliwa ni haba, umri unaoishia kwa sifuri au kwa tano huwa na watu wengi kupita kiasi, maana anayekisia hupenda kutua penye kituo. Wanao hata mzani wa kuupimia upendeleo huo. Miaka 75 ya Babu ilikuwa imetua penye kituo.

Tarehe 31 Oktoba 2022 matokeo yalitangazwa Dodoma: watu 61,741,120, kutoka 44,928,923 wa mwaka 2012. Mkoa wa Pwani peke yake ulipata 2,024,947. Binti alizinakili tarakimu hizo nyuma ya daftari, akatazama ile ya kwanza kwa muda mrefu. Babu alikuwamo ndani yake kwa yakini. Umri wake ulikuwamo kwa dhana.

Darasani, wakati huo, walikuwa wamefika kwenye wastani wa kudhania. Njia hii hutumika namba zinapokuwa kubwa au nyingi. Mtu huchagua namba moja na kuidhani kuwa ndiyo wastani. Hutafuta kila namba imeizidi au imeipungukia kwa kiasi gani. Hutafuta wastani wa tofauti hizo. Kisha huurudisha kwenye ile dhana ya kwanza, na jibu likatoka sahihi, hata kama dhana ilikuwa mbaya. Binti aliikariri kwa Kiingereza, lugha iliyofundishiwa somo hilo, kama mtu anavyokariri nyimbo za kabila asilolijua. Hatua zote alizijua. Sababu ya hatua hakuijua.

Mtihani wa majaribio ulimfichua. Aliulizwa wastani wa umri wa kundi la watu. Akadhani, akatoa, akagawanya, akapata hasi mbili, akaipigia mstari chini na kwenda swali lililofuata. Mwalimu aliandika kando kwa wino mwekundu: "Hawa hawajazaliwa?" Alipata alama mbili katika kumi. Wenzake waliisoma karatasi hiyo kwa kupokezana, na kwa wiki nzima aliitwa Hasi Mbili.

Ni jambo jema kwamba mwalimu yule aliuliza swali badala ya kukata tu kwa mstari. Swali lilimuuma binti mpaka usiku. Baada ya taa kuzimwa aliwasha tochi, akaacha vitabu, akawaandika watu wa nyumbani kwao kama karani alivyowaandika: Babu 75, Bibi 70, baba 44, mama 40, yeye 18, mdogo wake 12, na kitinda mimba 7. Akaudhania wastani kuwa 40, umri wa mama. Babu alizidi kwa 35, Bibi kwa 30, baba kwa 4. Mama hakuzidi wala hakupungua. Yeye alipungua kwa 22, na wadogo zake kwa 28 na 33. Waliozidi walifanya 69, waliopungua 83. Tofauti ilikuwa 14 upande wa kupungua; kwa watu saba, kila mmoja mbili. Hasi mbili tena! Lakini safari hii aliiona ni nini. Haikuwa umri wa mtu yeyote. Ilikuwa kipimo cha kosa la dhana yake. Alidhani 40, amekosea kwa mbili, basi ni 38.

Na nyumbani kwao hapakuwa na mtu wa miaka 38.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Alimsikiliza Bibi. Alifuta 75, akaandika 82, akakokotoa upya. Wastani ukawa 39. Ubishi wa miaka saba, ulipogawanywa kwa watu saba, ulikuwa umesogeza nyumba nzima kwa mwaka mmoja tu. Akapanga umri kwa daraja kutoka kitinda mimba hadi Babu, akatazama namba ya katikati: ni 40, yaani mama. Babu akiwa na 75 au 82, mama habanduki pale katikati. Akatafuta mkengeuko sanifu kwa umri ule ulioandikwa na karani, akapata miaka 25 na ushei, akaelewa kwa nini wastani wa 38 hausemi mengi juu ya nyumba yenye wazee wawili na mtoto wa miaka saba. Tochi ilikuwa inakaribia kuzimika.

Kutoka hapo alianza kuwa msumbufu. Alimfuata mwalimu na swali la mipaka ya makundi. Kanuni inasema kundi la 70 hadi 79 huanzia 69.5 na kuishia 79.5, kwa vitu vilivyokadiriwa hadi namba nzima iliyo karibu, kama urefu au uzito. Lakini mtu wa miaka 69 na nusu, aliuliza, ni nani anayemwita wa 70? Husema 69 mpaka siku yake itimie. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akakubali: umri huhesabiwa kwa miaka iliyotimia, kwa hiyo kundi hilo huanzia 70 na kuishia pale 80 inapogusa. Akamwonya asome swali kabla ya kuisoma kanuni, na akibadili mipaka aandike sababu yake kwa sentensi moja. Onyo hilo lilikuwa na thamani kuliko mazoezi mengi waliyopewa.

Mtihani wa Baraza ulifanyika Mei 2023, karatasi mbili, kila moja saa tatu. Takwimu ilikuwa swali moja kati ya kumi katika karatasi ya kwanza; uwezekano, ndugu yake, ulikuwa katika karatasi ya pili. Kwa mtu wa nje, mwaka mzima wa mashaka kwa ajili ya swali moja unaweza kuonekana ni hasara. Binti alilifanya swali hilo taratibu, na kabla ya kwenda mbele alilirudia jibu lake akijiuliza kama limekwisha zaliwa.

Alirudi Dutumi na sanduku lake, matokeo yakiwa bado. Babu alikuwa mahali pake chini ya mwembe.

"Mke wangu," alimwita, kama babu wa Pwani anavyomtania mjukuu, "walikuuliza umri wangu?"

"Hawakuuliza, Babu."

"Na kama wangeuliza?"

Binti alifikiri. "Ningeandika sabini na sita, kisha ningeonyesha kosa laweza kuwa kubwa kiasi gani."

Bibi, aliyekuwa akipeta mchele mlangoni, hakuinua macho kutoka katika ungo.

"Themanini na tatu," alisema.